Jinsi ya Kupata Nguvu na Ushawishi kwa Watu

Watu wengi wanaotafuta nguvu juu ya wenzao huanza kwa kujitazama wenyewe: namna ya kusimama, namna ya kukaza sauti, mavazi ya kuvaa, maneno ya kutisha au ya kuvutia. Hapo ndipo wanapopotea njia. Nguvu ya mtu juu ya mwingine haikai kwa mwenye nguvu, bali hukaa kwa yule anayemhitaji, na kila ushawishi unaodumu huanzia kwenye kuielewa haja ya huyo wa pili. Mwanasosholojia wa Marekani Richard Emerson aliliweka jambo hili wazi mwaka 1962 alipoeleza kwamba nguvu ya mtu mmoja juu ya mwingine inalingana na kiasi ambacho huyo mwingine anamtegemea. Utegemezi huo hupimwa kwa mambo mawili: uzito wa kile anachokitaka kutoka kwako, na urahisi wa kukipata kwa mtu mwingine. Ukilishika hilo, mengine yote yaliyomo katika mwongozo huu utayaona kuwa ni matawi yake.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka neno lake lipewe uzito kazini, katika kamati, katika chama au katika familia. Haumfai anayetaka kuwadhulumu watu, na nitaonyesha huko mbele kwamba dhuluma, mbali na ubaya wake, ni njia dhaifu ya kupata nguvu.

Anza kwa kuchunguza nani anamtegemea nani

Kabla ya kujaribu kumshawishi yeyote, chukua karatasi uandike majina ya watu ambao uamuzi wao unaligusa jambo unalolitaka. Mbele ya kila jina jibu maswali matatu: mtu huyu anataka nini hasa kwa sasa, nani mwingine anaweza kumpa, na mimi ninamtegemea kwa lipi. Swali la tatu ndilo linalorukwa mara nyingi, ilhali ndilo linaloeleza kwa nini unashindwa kusema hapana mbele ya watu fulani hata pale ambapo haki iko upande wako.

Usikisie kwa haraka kile ambacho mtu anakitaka. Fedha na cheo ni sehemu ndogo tu ya haja za watu. Mmoja anataka asiaibike mbele ya wakubwa wake, mwingine anataka kazi iishe mapema arudi kwa watoto wake, na wa tatu anataka mtu wa kuutambua ujuzi wake ambao kila siku unachukuliwa kuwa jambo la kawaida. Dalili za haja hizo zimo katika mazungumzo ya kila siku: lalamiko ambalo mtu analirudia, sifa anayompa mwenzake, swali analouliza kabla ya kukubali jambo lolote. Sikiliza kwa muda mrefu kuliko unavyoona inatosha. Hakuna hatua katika mwongozo huu yenye faida kubwa kuliko hiyo, na hakuna inayopuuzwa kuliko hiyo.

Uchunguzi wa namna hii hufichua mambo ambayo vyeo havionyeshi. Karani wa cheo cha chini anayejua peke yake mpangilio wa kumbukumbu za ofisi anaweza kuchelewesha au kuharakisha kazi ya mkuu wa idara. Lakini hapa ipo tahadhari ambayo Emerson mwenyewe aliieleza: uhusiano ambao upande mmoja umeelemewa hautulii. Aliyeelemewa hutafuta ahueni kwa kupunguza haja yake, kwa kutafuta mtu mwingine wa kumpa anachokitaka, kwa kuungana na wenzake walioelemewa kama yeye, au kwa kumpa mkubwa heshima ili naye aanze kumtegemea. Kwa hiyo anayeficha maarifa ili aonekane hana mbadala huwa anawafundisha wenzake kumtafutia mbadala. Iliyo salama zaidi ni kuhitajika kwa sababu unafanya jambo vizuri na kwa uaminifu, hata kama wengine nao wanaweza kulifanya.

Chagua msingi wa nguvu utakaosimamia

Mwaka 1959 wanasaikolojia John French na Bertram Raven waligawa nguvu za kijamii katika misingi mitano: uwezo wa kutoa tuzo, uwezo wa kuadhibu, haki inayotokana na cheo, ujuzi, na mvuto wa mtu ambaye wengine wanapenda kufanana naye. Baadaye Raven aliongeza msingi wa sita, yaani taarifa, maana hoja yenye ushahidi inaweza kumgeuza mtu bila kujali imetoka kwa nani.

Misingi hii haina uzito sawa. Tuzo na adhabu zinahitaji usimamizi wa wakati wote, kwa kuwa mtu huutimiza wajibu wake anapoonwa na kuuacha asipoonwa. Cheo nacho hupungua nguvu kadiri mwenye cheo anavyokuwa mbali. Hilo lilionekana katika majaribio ya Stanley Milgram kuhusu utiifu, yaliyoanza mwaka 1961 katika Chuo Kikuu cha Yale. Washiriki waliamriwa kumpiga mtu wa chumba cha pili kwa mshtuko wa umeme kila alipokosea jibu, ingawa kwa kweli hapakuwa na umeme na aliyelalamika alikuwa akiigiza. Katika ripoti ya kwanza, iliyotoka mwaka 1963, washiriki 26 kati ya 40 walifika mwisho wa mashine, yaani volti 450. Lakini msimamizi alipotoka chumbani na kutoa amri kwa simu, waliotii hadi mwisho walishuka hadi karibu mmoja kati ya watano, na baadhi ya washiriki walidanganya kwamba wanaongeza umeme ilhali walikuwa wakitoa ule wa chini kabisa. Amri ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni umbali wa aliyeitoa.

Ujuzi, mvuto na taarifa havina udhaifu huo. Mtu aliyekubali hoja yako anabaki nayo ukiwa hupo, na anayekuheshimu hujiuliza ungefanya nini hata kama huwezi kumwona. Ndiyo maana nashauri kwamba mwenye cheo akitumie kidogo iwezekanavyo, akihifadhi kwa nyakati chache ambapo uamuzi lazima utolewe na muda wa kushawishi haupo.

Joseph Henrich na Francisco Gil-White, katika makala yao ya mwaka 2001, walitofautisha njia mbili ambazo binadamu hupandia hadhi: njia ya ubabe, ambapo watu wanakuinamia kwa hofu, na njia ya heshima, ambapo wanakusogelea kwa hiari kwa sababu wanataka kujifunza kwako. Tazama mwelekeo wa watu. Mbele ya mbabe hukwepa macho, hukaa mbali na humficha habari mbaya. Mbele ya anayeheshimiwa husogea, huuliza na husema wanayoyajua. Mbabe anaweza kupata utiifu leo, lakini anaongoza akiwa gizani, kwa kuwa hakuna anayemweleza ukweli. Huu ndio udhaifu niliouahidi kuueleza: dhuluma humnyima mwenye nguvu taarifa ambazo bila hizo nguvu haiwezi kulindwa.

Jenga akiba kabla ya kuitumia

Edwin Hollander alieleza mwaka 1958 kwamba kundi humpa mwanachama wake aina ya akiba ya kuaminiwa, ambayo hukua kadiri anavyoonyesha uwezo na kuzifuata taratibu za kundi, na ambayo humruhusu baadaye kwenda kinyume na mazoea bila kutengwa. Mgeni anayefika kazini na kutaka kubadilisha kila kitu katika wiki ya kwanza anatoa katika akaunti isiyo na kitu. Hata kama mawazo yake ni sahihi, yatakataliwa kwa sababu ya msemaji wake.

Kwa hiyo mwanzoni jifunze taratibu, zifuate, na utafute kazi ambazo kila mtu anazikwepa lakini kila mtu anazihitaji: kuandika kumbukumbu za kikao, kukusanya takwimu zilizotawanyika, kumfuatilia mtu asiyejibu barua. Kazi hizo hukuweka katikati ya mawasiliano, na anayekaa katikati ya mawasiliano hujua mapema mambo ambayo wengine watayasikia baadaye.

Katika vikao, zungumza mapema. Utafiti wa Cameron Anderson na Gavin Kilduff uliochapishwa mwaka 2009 uliyatazama makundi madogo yaliyopewa kazi ya kutatua pamoja, yakiwemo maswali ya hesabu, na ukakuta kwamba wenye tabia ya kutawala walionekana na wenzao kuwa na uwezo mkubwa ingawa vipimo havikuonyesha kwamba walikuwa na uwezo kuliko wengine. Walionekana hivyo kwa sababu walitoa majibu mara nyingi zaidi. Matokeo haya yana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mjuzi anayenyamaza hahesabiwi, na unyenyekevu wake unaweza kuligharimu kundi zima. La pili, ambalo ni zito zaidi, ni kwamba anayeongoza kikao anapaswa kuwauliza kwa majina wale walionyamaza, kwa kuwa wingi wa maneno haupimi ujuzi. Unapozungumza, taja jambo moja mahususi unalolijua vizuri, kisha sema waziwazi ujuzi wako unaishia wapi. Mpaka huo ukiutaja mwenyewe, yaliyobaki huaminika zaidi.

Namna ya kuomba

Ushawishi mwingi katika maisha hupitia maombi, na saikolojia ya maombi imechunguzwa kwa kina. Nitaieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo utakayoitumia kila siku.

Toa kabla ya kuomba. Katika jaribio la Dennis Regan la mwaka 1971, mtu aliyejifanya mshiriki mwenza alirudi kutoka mapumzikoni na kumletea mwenzake soda ambayo hakuiomba, kisha baadaye akamwomba anunue tiketi za bahati nasibu. Waliopewa soda walinunua tiketi karibu mara mbili ya wale ambao hawakupewa. Deni la fadhila lina nguvu hata pale ambapo hakuna aliyelitaja. Kwa sababu hiyo hiyo, fadhila inayotolewa kwa hila huonekana haraka, na mtu akigundua kwamba aliwekewa mtego, deni hugeuka kuwa chuki. Toa kile ambacho kingekuwa na faida kwake hata kama usingeomba lolote baadaye.

Usiogope kuomba msaada mdogo kwa mtu asiyekupenda. Mwanasiasa wa Marekani Benjamin Franklin anasimulia kwamba alipokuwa karani wa Bunge la Pennsylvania, mjumbe mmoja mpya alimpinga kwa hotuba ndefu. Franklin hakumbembeleza; alimwandikia kumwomba amwazime kitabu adimu alichosikia kimo katika maktaba yake, akakirudisha baada ya wiki hivi pamoja na barua ya shukrani, na tangu hapo wakawa marafiki hadi mjumbe huyo alipofariki. Mwaka 1969 Jon Jecker na David Landy walilipima wazo hilo kwa majaribio: washiriki walioombwa na mtafiti mwenyewe warudishe fedha walizoshinda, kama msaada kwake, walimpenda kuliko wale ambao hawakuombwa lolote. Maelezo yake yanapatana na nadharia ya Leon Festinger ya mwaka 1957 kuhusu mgongano wa mawazo: mtu huona tabu kuamini kwamba amemsaidia mtu asiyemfaa, hivyo huirekebisha hisia yake ilingane na kitendo chake.

Anza na dogo. Mwaka 1966 Jonathan Freedman na Scott Fraser walichapisha utafiti uliofanyika California, ambapo wenye nyumba waliombwa kuruhusu bango kubwa lisilopendeza, lenye onyo la kuendesha gari kwa uangalifu, lisimikwe mbele ya nyumba zao. Walioombwa moja kwa moja walikubali kwa asilimia 17. Wale ambao takriban wiki mbili kabla yake walikuwa wamekubali kuweka kibandiko kidogo chenye ujumbe kama huo walikubali kwa asilimia 76, ingawa aliyeleta ombi la pili alikuwa mtu mwingine. Bandu bandu huisha gogo: aliyekubali jambo dogo huanza kujiona kuwa mtu wa kujali jambo hilo, na kukataa la pili kunakuwa kama kujikana.

Njia ya kinyume nayo inafanya kazi. Robert Cialdini na wenzake, mwaka 1975, waliwaomba wanafunzi wa chuo kikuu wajitolee kuwashauri vijana waliokinzana na sheria saa mbili kila wiki kwa miaka miwili. Walipokataa, waliombwa badala yake kuwasindikiza vijana hao kwenye bustani ya wanyama kwa saa mbili tu. Nusu walikubali, ilhali walioombwa safari hiyo peke yake walikubali kwa asilimia 17 hivi. Anayepunguza ombi lake huonekana amelegeza kamba, na anayeombwa hujiona anawajibika kulegeza pia. Mimi siipendi njia hii kama ile ya kwanza, kwa sababu ombi kubwa likitolewa bila nia ya kweli ni uongo. Itumie pale tu ambapo lile kubwa ungelipokea kwa furaha.

Toa sababu. Ellen Langer na wenzake waliripoti mwaka 1978 kwamba mtu aliyeomba kupita mbele ya wengine kwenye mashine ya fotokopi akiwa na kurasa 5 alikubaliwa kwa asilimia 60 bila sababu na asilimia 94 aliposema ana haraka. Hata aliposema tu kwamba anahitaji kutoa nakala, ambayo si sababu yoyote, alikubaliwa kwa asilimia 93. Wengi huishia hapo wanapousimulia utafiti huu, wakadhani kwamba neno «kwa sababu» linatosha. Lakini kurasa zilipokuwa 20, sababu tupu haikusaidia chochote: waliokubali walikuwa asilimia 24, sawa na pale ambapo hakuna sababu iliyotolewa, na sababu ya kweli iliwafikisha asilimia 42. Ombi likiwa zito, watu huanza kufikiri, na hapo hoja dhaifu haipiti.

Mwisho, muache mtu na uhuru wake. Jack Brehm alieleza mwaka 1966 kwamba mtu anayehisi uhuru wake unatishiwa hukinza ili aurudishe, hata kama alichoambiwa kina manufaa kwake. Nchini Ufaransa, Nicolas Guéguen na Alexandre Pascual walipima mwaka 2000 ombi la sarafu za nauli ya basi lililotolewa kwa wapita njia: ombi la kawaida lilikubaliwa na mtu mmoja kati ya kumi, lakini muombaji alipoongeza kwamba yule anayeombwa yuko huru kukubali au kukataa, karibu nusu walikubali. Sentensi hiyo iseme tu ukiwa umeikusudia, na mtu akikataa, mshukuru na usimrudie siku hiyo hiyo.

Kushawishi kundi

Katika kundi, mshirika mmoja ana thamani kubwa kuliko hoja tano. Solomon Asch, katika majaribio aliyoanza kuyachapisha mwaka 1951, aliwakalisha washiriki pamoja na watu waliokuwa wamepangwa kutoa jibu baya kwa kauli moja kuhusu urefu wa mistari. Takriban theluthi ya majibu ya washiriki yalifuata kosa la wengi, na robo tatu yao walifuata angalau mara moja, ingawa kosa lilikuwa wazi machoni. Ilipotokea kwamba mtu mmoja tu alitoa jibu sahihi kabla yao, ufuasi huo ulishuka sana. Milgram naye aliona hivyo: washiriki wenza wawili, ambao walikuwa wakiigiza, walipogoma, ni 4 tu kati ya 40 waliotii hadi mwisho.

Kwa hiyo usiingie katika kikao cha maamuzi ukiwa peke yako. Zungumza na mtu mmoja au wawili kabla ya siku hiyo, wasikilize pingamizi zao, rekebisha pendekezo lako, na umwombe mmoja wao azungumze mapema. Ikiwa mpo wachache, kinachowaokoa ni msimamo. Serge Moscovici na wenzake, mwaka 1969, waliwaweka katika makundi ya watu sita watu wawili waliokuwa wamepangwa kuiita rangi ya buluu kijani. Waliposhikilia kauli hiyo bila kubadilika, zaidi ya asilimia 8 ya majibu ya wengine yaliwafuata. Walipoyumba, ilikuwa zaidi kidogo ya asilimia 1. Asilimia 8 ni ndogo, na ni vema kulijua hilo mapema: wachache hushinda polepole, kikao baada ya kikao, nao wakionekana wamekasirika au wamechoka, wengi hupumua na kuendelea na mambo yao.

Nguvu ikishapatikana

Mwaka 2003 Dacher Keltner, Deborah Gruenfeld na Cameron Anderson walieleza kwamba nguvu humfanya mtu atende kwa uhuru zaidi, afuatilie tuzo kuliko hatari, na awatazame wengine kama vyombo vya kufikia malengo yake. Mantiki yake ni ile ile ya Emerson: usipomtegemea mtu, huna haja ya kumsoma. Hivyo ule usikivu uliokupandisha ndio wa kwanza kupotea ukishapanda. Usitegemee nia njema peke yake kuuzuia upotevu huo, weka utaratibu. Mteue mtu ambaye hana cha kupoteza kwako, mwombe akuambie kila mwezi jambo moja ulilokosea, na usijitetee anapolisema. Katika vikao, toa maoni yako mwisho, kwa sababu mkubwa akisema kwanza, wanaobaki huzungumzia maoni yake badala ya jambo lenyewe.

Kila mbinu iliyotajwa hapa inaweza kutumika vibaya, na kipimo ninachokitumia ni kimoja: je, ningeweza kumwambia mtu huyu waziwazi nilichokifanya na kwa nini, naye akabaki radhi? Nikijibu hapana, ninaiacha.

Nawe utatendewa haya haya, mara nyingine na watu wasiojali kipimo hicho. Ukipokea zawadi usiyoiomba kisha ombi likaifuata, jiulize kama ungelikubali ombi hilo pasipo zawadi. Ukikumbushwa kwamba ulikubali jambo dogo wiki iliyopita, jibu kwamba hili ni jambo jingine na linahitaji uamuzi wake. Amri ikikukera moyoni, ondoka mbele ya aliyeitoa kabla ya kujibu, kwa kuwa umbali hupunguza nguvu ya cheo, kisha mtafute mtu mmoja mwenye shaka kama yako na mrudi pamoja mkiwa na swali lenu limeandikwa.